Walitupigia Makofi Tukiondoka

Baridi ya Februari ya huku ughaibuni haina adabu hata kidogo. Inapenya mikono ya koti, inapita shingoni, inashuka mpaka kwenye soli za viatu, na ukiwa juu ya baiskeli huna pa kujificha. Siku hiyo nilitoka nyumbani College Park saa sita mchana, kamera mgongoni, soksi jozi mbili, glavu jozi mbili, na betri ya akiba nimeichomeka mfuko wa ndani usawa wa tumbo, maana betri ikipigwa na baridi inakata roho kabla hujapiga picha kumi. Nilikuwa nakwenda mjini, mtaa wa Wachina, kupiga picha za maandamano ya mwaka wao mpya.

Ndivyo nilivyomwambia Ba'mdogo Ferdinand aliponikuta naitoa baiskeli gereji.

"Godlisten, unakwenda wapi na baridi hii?"

"Kupiga picha, Ba'mdogo. Wachina wana sherehe yao leo."

"Kwa baiskeli?"

"Barabara za huko zimefungwa."

"Si uchukue gari mpaka kituo cha treni?"

"Nashukuru. Baiskeli inanitosha."

Alisimama pale na kikombe chake cha chai, mzee wa watu, kandambili miguuni na sweta la bluu, akanishikia mlango wa gereji. Yeye ndiye aliyenileta nchi hii. Baba yangu alipofariki nikiwa darasa la tano, yeye ndiye aliyenivalisha, akanisomesha, akanitumia tiketi ya ndege. Sijawahi kumpandishia sauti maishani mwangu. Ila tangu Novemba mimi na yeye tunaishi kama wapangaji wawili, za asubuhi, za jioni, basi. Gari lake siombi.

Na nilimdanganya. Wachina na sherehe yao wangenisamehe, lakini sikuwa nakwenda kwa ajili yao. Nilikuwa nakwenda kumtafuta Kaneza.

Kaneza ni Mrundi. Anamtunza bibi mmoja wa Kichina, Bibi Lin, wa miaka tisini na moja, anayeishi ghorofa ya nne kwenye nyumba ya wazee palepale mtaani kwao. Kila mwaka bibi huyo hana atakalo ila moja tu, ashushwe chini akalione joka likicheza. Mwaka jana nilikuwa pale nahangaika na lenzi, nikamwona msichana mrefu mwenye skafu ya njano amemfunika bibi blanketi mpaka puani, anamwimbia kwa sauti ndogo huku anamkinga na upepo kwa mgongo wake mwenyewe. Nikapiga picha. Akanigeukia.

"Umeomba ruhusa?" aliniuliza kwa Kiingereza.

Nikajisemea kwa Kiswahili, "Aisee, huyu ni mkali."

"Mkali ni wewe unayeiba sura za watu," akanijibu kwa Kiswahili hichohicho. Toka dakika ile nilikuwa wake. Sina namna nyingine ya kulieleza jambo hilo, na wala sitafuti.

Basi nikawa nakanyaga pedali. Barabarani kulikuwa na chumvi ya kuyeyushia barafu, inalia chini ya matairi, na machozi ya baridi yananitoka, nayafuta kwa glavu. Njia ya baiskeli ya kwenda mjini inapita Hyattsville. Ningeweza kuzunguka, nimeshazunguka mara nyingi, lakini siku hiyo nilikuwa na haraka, nikapita palepale mbele ya ukumbi wa kanisa wenye mlango wa kijani.

Mungu wangu, mlango ule!

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba. Tulikuwa watu tisa, suti zimepigwa pasi, tumekuja kuposa. Mshenga wangu alipaswa kuwa Mzee Gregori, mtu mpole aliyekaa Kigoma miaka mingi jirani na Warundi, anawajua ndani nje. Asubuhi ile akaamka na homa kali, akanipigia simu kuniomba radhi. Nikataka tuahirishe. Ba'mdogo akasema watu hawaahirishi posa kama miadi ya kinyozi, atasema yeye mwenyewe. Alikuwa mwalimu mkuu Moshi miaka ishirini. Kusema mbele za watu kwake si shida.

Tukaketishwa upande mmoja, wenyeji upande wa pili, kiasi cha watu sitini, akina mama wamevaa nguo zao za kufunga begani wamependeza kweli. Kaneza hayupo, kwao binti anafichwa chumba cha nyuma mpaka aitwe. Msemaji wao, jamaa mmoja mwenye tumbo na sauti nene anayeitwa Ismaël, akasema Kiswahili kwa heshima yetu. Ba'mdogo akasimama, akatoa salamu ndefu, akamalizia, "Tumekuja kumwomba binti yenu Kaneza awe mke wa kijana wetu Godlisten."

Ismaël akajikuna kidevu. "Kaneza? Kaneza yupi? Hapa tunao wengi."

Watu wakacheka. Ba'mdogo hakucheka. Akaeleza tena, mtoto wa Mzee Nyandwi.

"Ooo, huyo!" Ismaël akasema. "Poleni sana, mmechelewa. Huyo tumeshampa kijana mmoja wa Ottawa. Ng'ombe wamefika, tena wanono kuliko nyinyi mnavyoonekana."

Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Nilimtazama Ba'mdogo, nikauona mshipa wa shingoni unavyomcheza. Akafunga kifungo cha koti lake taratibu. "Tumesikia," alisema. "Twendeni."

Akatoka. Na sisi nane nyuma yake.

Wale watu wakatupigia makofi. Ndiyo, makofi! Kumbe kwao ni mchezo. Binti haombwi mara moja akatolewa. Anakataliwa, anasingiziwa, wageni wanatakiwa wajibu utani kwa utani mpaka kicheko kiwe kimoja, ndipo anaitwa. Walipotuona tunaondoka wakadhani tunawapiku kwa kuigiza, wakashangilia, akina mama wakapiga vigelegele. Makofi yalitusindikiza mpaka kwenye magari. Tulipowasha injini ndipo mama yake Kaneza alipotoka mbio barabarani, viatu mkononi, akipunga, na Ba'mdogo akasema, "Kanyaga mafuta." Aliyekuwa anaendesha ni mimi.

Nilikanyaga.

Mlango ule nikaupita nimeinamisha kichwa kama mwizi, nikashika njia ya kandokando ya reli, mtaa wa Brookland ukapita, magorofa ya mjini yakaanza kujitokeza, na miguu yangu ikawa inawaka moto huku vidole vimekufa ganzi. Miezi mitatu nilimpigia Kaneza simu hapokei. Nilimwandikia meseji zisizo na idadi. Alinijibu mara moja tu, wiki mbili zilizopita, maneno manne, "Bibi bado anapenda joka."

Mtaa ulikuwa umefurika. Chini ya lile lango lao kubwa lenye rangi nyekundu na dhahabu watoto wamebebwa mabegani, ngoma zinadunda, fataki zinalia pa-pa-pa mpaka moshi unaziba madirisha. Nikafunga baiskeli kwenye nguzo. Nilitoa kamera, nikapiga picha tatu nne za simba wa kitambaa akitikisa masikio, nikijifanya mpiga picha. Macho yangu yalikuwa yanatafuta skafu ya njano.

Aliyeniona kwanza ni Bibi Lin.

"Kamera! Kamera!" Mkono mdogo umetoka kwenye blanketi, unanipungia. Na nyuma ya kile kiti cha magurudumu, ameshika vishikio kwa mikono miwili, yupo Kaneza.

Amekonda. Mashavu yamekwisha, macho yamekuwa makubwa, na ile skafu hakuivaa. Nilitaka kumkumbatia pale pale mbele ya joka, nikabaki nimeshika helmeti kifuani.

"Umekuja na baiskeli," alisema.

"Ndiyo."

"Masikio yako yamepauka, Godi. Utagandia njiani siku moja."

"Kaneza, naomba..."

"Ngoja joka lipite. Bibi amengoja mwaka mzima."

Tukangoja. Joka likapita, refu, limebebwa na vijana kumi, likainamia kile kiti na Bibi Lin akaligusa ndevu, akacheka meno yote aliyobaki nayo. Kaneza alicheka naye. Mimi sikupiga picha hiyo, na ndiyo picha niliyotakiwa kupiga siku hiyo. Nilikuwa namtazama yeye.

"Haya, twende ndani," akasema. "Bibi asipate mafua."

Mapokezi ya nyumba ya wazee palikuwa na joto mpaka unahisi usingizi. Nilipoingia tu, lenzi ikaingia ukungu, nyeupe kabisa. Nikaiacha ining'inie. Kaneza alimsogeza bibi kwenye dirisha kubwa la mbele aendelee kuangalia ngoma, akamlegezea blanketi, akamwekea kikombe cha maji ya moto mikononi. Halafu akaja akaketi kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu.

"Bon, haya. Sema," akasema.

"Nimekukumbuka."

"Mimi pia. Hilo lipite. Sema lingine."

"Nisamehe. Kaneza, kila siku tangu..."

"Hapana, subiri." Akaniinulia mkono. "Nianze mimi, nikikuacha uanze nitalia na sitasema. Godi, mimi ndiye nimekosa."

Nikamwangalia bila kuelewa.

"Nilipaswa kukuambia," akasema. "Mambo ya kwetu, ule utani, kukatalia wageni. Wiki nzima nilikuwa na mambo ya nguo, mambo ya nywele, dada Arielle amekuja toka Columbus na watoto, nikasema Mzee Gregori yupo, yeye anajua, atawafundisha. Nikajisahau. Dakika mbili tu, Godi! Ningekupigia simu dakika mbili, nikuambie, wakikukatalia wewe cheka. Leo tungekuwa watu wawili."

"Usiseme hivyo."

"Nasema! Mama ananiambia kila siku, ulileta wageni bila kuwaonyesha njia. Wageni wakaanguka, na aliyewaangusha ni wewe. Hajasema nami vizuri toka Novemba. Kanisani wanawake wananitazama. Na mimi nakubali, kwa sababu ni kweli."

Alisema hivyo akiwa amejishika mikono, anajibana vidole kimoja kimoja. Niliona kucha zake amezitafuna mpaka nyama. Kaneza huyu, aliyekuwa hatoki nje bila rangi ya kucha!

"Sasa sikiliza," akaendelea, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukalegea kidogo. "Jana Baba ameniita. Unajua Baba yangu, haongei sana. Ameniambia, mgeni asiyejua hana kosa. Kama yule kijana hakujua, na aje kesho Jumatatu jioni, ni sikukuu ya serikali, hakuna kazi. Asilete baba yake mdogo, asilete msemaji. Aje peke yake, anywe chai, aseme mwenyewe anataka nini, tuanze upya."

"Kesho?" Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Kesho. Na usipokuja, Jumanne nakwenda Columbus kwa Arielle. Nimepata nafasi ya kusomea unesi huko, tiketi ya basi Mama ameshanikatia. Ila ukija, siendi. Nitasomea hapahapa." Akasogea ile nafasi ya mtu mmoja. Goti lake likagusa langu. Miezi mitatu, ndugu yangu, miezi mitatu sijaguswa na goti lile. "Nimechoka kuwa na hasira. Nataka kuja nyumbani kwako nikute umeacha vyombo kwenye sinki, nikugombeze. Nataka kitu kama hicho tu."

"Vyombo nitaacha vingi."

Akacheka, akajifuta pua. "Mjinga wewe."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto, wangu bado barafu, akaufunika kwa wa pili. Nje fataki zilianza upya, na Bibi Lin akawa anapiga makofi dirishani. Nikahisi nimerudishiwa uhai. Nilikuwa naona kabisa kesho yake, kiti cha Mzee Nyandwi, vikombe vya chai, mimi na shati jeupe.

"Kimoja tu," Kaneza akasema. "Baba amesema nikuulize nikikutazama machoni. Uliniandikia kwenye meseji, lakini anataka nikusikie kwa mdomo. Ulikuwa hujui, si ndiyo? Ulidhani wanakukatalia kweli?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, sikujua. Neno moja. Ningelisema tu na mke ninaye. Hata yeye alishanikatia kipande, nilichotakiwa ni kutafuna na kumeza. Na kweli nilishaliandika neno hilo kwenye meseji si mara moja wala mbili, vidole vyangu vilikuwa vimelizoea.

Nikaangalia zile kucha.

"Nilijua," nikasema.

"Unasema?"

"Nilijua, Kaneza."

Hakuondoa mikono yake. Nadhani mwili wake haukuwa umesikia bado. "Ulijua nini?"

"Kila kitu. Mzee Gregori aliponipigia asubuhi ile kusema ana homa, alinieleza. Aliniambia, watawakatalia mara tatu, mtasingiziwa Kaneza ameolewa, amekuwa mtawa, amesafiri, nyinyi chekeni na mjibu, mara ya tatu watamtoa. Aliniambia nimwambie Ba'mdogo."

"Ukamwambia?"

"Nilijaribu kwenye gari. Akasema, kijana, unanifundisha mimi kuposa? Nikanyamaza."

"Ukanyamaza." Sasa akatoa mikono. "Na Ismaël aliposema habari za Ottawa?"

"Nilijua anatania. Nilikuwa karibu kucheka."

"Na baba yako mdogo aliposimama?"

"Nikasimama."

"Ukijua?"

"Nikijua."

"Ukijua mimi niko nyuma ya mlango?"

"Kaneza, kwetu mkubwa akisimama huwezi kubaki umekaa. Nimelelewa hivyo. Miguu ilisimama yenyewe, wallah nakuambia, mimi mwenyewe nilishangaa."

"Miguu," akasema. "Miguu ya nani, Godi?"

Akasimama, akaenda mpaka kwenye mlango wa lifti, akarudi. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri barua zake mapokezi akatazama pembeni kwa heshima.

"Nikuambie mimi nilikuwa wapi," Kaneza akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, laiti angepiga kelele. "Nilikuwa kwenye chumba cha viti vibovu, na Arielle. Tunasikia watu wanacheka. Halafu makofi. Vigelegele. Nikamwambia Arielle, wamekubaliana! Nifunge vizuri hapa begani, wananiita sasa hivi. Akanifunga. Nikasimama mlangoni, nimeshika kikapu cha sherehe. Nikafanya uso wa aibu, maana bibi arusi asitoke anacheka. Nilisimama vile dakika arobaini. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuja kuniambia. Aliyekuja mwishowe ni Baba. Akaniondolea kile kikapu mkononi."

"Nisamehe."

"Miezi mitatu nakutetea! Nawaambia, yule mtoto wa watu hakujua, msimtukane, aliumia kama sisi. Nikakaa na kosa lako shingoni na wewe unaniandikia sikujua, sikujua, sikujua."

"Niliogopa kukupoteza."

"Na leo? Leo umeacha kuogopa? Kwa nini umeniambia leo? Nimekufungulia mlango wote, Godi, nimeshika kitasa mwenyewe. Ungeingia tu!"

"Kwa sababu ulikuwa unajilaumu. Sikuweza kukuona hivyo."

Akanitazama sana. Nimepiga picha harusi za Watanzania za eneo hili lote, nimewaona watu wakitazamana kwa kila namna, lakini sijaona mtu akimtazama mwenzake namna ile, anampenda na anamzika.

"Ningejilaumu mpaka nazeeka," akasema, "lakini ningekuwa na wewe."

"Basi niruhusu nije kesho. Nitamwambia baba yako ukweli. Nitapiga magoti."

"Halafu? Niolewe nawe, siku moja mtoto wetu anaumwa na baba yako mdogo anasema usimpeleke hospitali, miguu yako itakwenda wapi?"

"Si haki hiyo."

"Najua si haki. Lakini ndicho nitakachokuwa nawaza kila nikikutazama. Siwezi kuishi nakutazama miguu." Machozi yakaanza kumtoka, akayaacha. "Nakupenda, unasikia? Nakupenda vibaya sana, na siwezi."

Akatoa simu, akapiga. Nilidhani atasema Kirundi, akasema Kiswahili, na nikajua anataka niyasikie.

"Baba... Ndiyo, yuko hapa... Nimemuuliza. Hakujua, Baba. Hakujua kabisa." Akavuta pumzi. "Ila asije kesho. Ni mimi. Mimi ndiye sitaki tena. Usimkasirikie yeye."

Nikawa nasikia kwa mbali sauti ya Mzee Nyandwi inauliza, inauliza tena. Mtu amenilinda miezi mitatu, na hata wakati wa kuniacha bado ananikinga na upepo. Roho yangu ikakataa. Nikanyoosha mkono.

"Nipe simu."

Akatikisa kichwa.

"Kaneza, nipe. Tafadhali."

Alinipa.

"Shikamoo, Mzee. Ni Godlisten." Nikajiegemeza ukutani. "Mzee, Kaneza anakuficha. Mimi nilijua. Mshenga wetu alinieleza asubuhi ile kuwa ni utani wa kwenu. Nilimwona Ba'mdogo anakasirika, sikufungua mdomo. Niliondoka nikijua. Kaneza hakukosa kitu, wala asilaumiwe na mtu yeyote nyumbani. Mwambie na Mama. Ni mimi."

Nilisikia redio ya jikoni kwao, na mtu anakoroga chai.

"Marahaba," Mzee Nyandwi akasema mwishowe. Halafu akaongeza, "Haya maneno umeyasema vizuri. Ungeyasema siku ile, hata nusu yake, hata kwa kukosea, ningekujibu marahaba mwanangu."

"Nisamehe, Mzee."

"Nimesikia. Nipe binti yangu."

Nikamrudishia. Kaneza akanigeuzia mgongo, akasikiliza muda mrefu, anaitikia kwa Kirundi, neno moja moja. Mabega yalikuwa yanampanda na kushuka. Bibi Lin alikuwa amesinzia, kikombe kimeinama kwenye blanketi, na mimi nikakitoa mikononi mwake nikakiweka chini kwa sababu nilihitaji kufanya kitu.

Alipomaliza aliifuta simu kwa mkono wa sweta. Akashika vishikio vya kiti, akabonyeza lifti. Mlango ulipofunguka akamwingiza bibi kwanza, kinyumenyume, taratibu asimwamshe. Mimi nimesimama na helmeti yangu, nangoja anitukane, anilaani, chochote.

"Baba aliuliza kama umekuja na gari," akasema.

"Sikuja na gari."

"Nimemwambia ni baiskeli." Akameza mate. "Anasema jua likizama barabara itashika barafu, uondoke sasa hivi. Ukifika kwenye daraja la Hyattsville, ushuke utembee, juzi kuna mtu alianguka pale. Amesema nikuambie mara mbili."

Mlango wa lifti ukaanza kujifunga.

"Ushuke utembee, Godi," akasema.

Ukajifunga. Nikakaa kwenye lile benchi, na mbele ya yule mzee mwenye barua zake nililia kwa sauti, mtu mzima, mpaka akaja akaketi karibu yangu.